LED zinawaka kinyonge? Winda volti zinapopotelea kabla hujanunua kingine

Umefunga stripu (ule utepe wa LED) kwenye jipsam, au umejitengenezea taa ya fremu ya duka inayotumia betri ya sola, au umebandika zile chipu za wati 10 kwenye kipande cha aluminiamu uweke getini, ukawasha na ikawaka, ila kinyonge. Haijaungua, haijakataa, inawaka kabisa, ila ule mwanga uliouona dukani wakati muuzaji anakujaribishia haupo. Mtu wa kwanza kumuuliza atakwambia umepigwa, hizo feki, kanunue nyingine. Mimi nasema LED ziache kwanza palepale zilipo. Mara nyingi LED ni nzima na shida ni kwamba umeme unaotoka kwenye adapta sio umeme unaofika kwenye LED, kuna mahali njiani unaliwa, na kazi yako ni kupajua hapo mahali.

Kabla ya dalili zenyewe elewa kitu kimoja, maana ukikielewa hiki nusu ya kazi imeisha. Stripu ya kawaida ya volti 12 ni vipande vidogovidogo, kila kipande kina LED 3 zimefungwa sirizi (moja baada ya nyingine kwenye njia moja) pamoja na rezista, kale kakinzani kanakozuia umeme usipite mwingi. LED moja nyeupe inakula volti 3 na kitu, kwa hiyo tatu zinakula kama 9.3, inabaki 2.7 hivi ya rezista, na rezista ndo inaamua umeme kiasi gani upite. Stripu nyingi za 5050 (namba hiyo ni saizi ya LED) zina rezista za ohm 150 (angalia juu yake utaona imeandikwa 151), gawanya 2.7 kwa 150 unapata miliampia 18. Sasa volti zikishuka kutoka 12 mpaka 11, LED hazikubali kupunguza ulaji wake kihivyo, zitataka 9.1 yao, rezista inaachiwa 1.9 tu na miliampia zinaangukia 12 au 13. Yaani umepoteza volti 1 kati ya 12 afu karibu theluthi ya mwanga imeondoka. Ikifika 10 uko chini ya nusu. Na kwa sababu jicho letu linazoea mwanga kirahisi, mpaka wewe mwenyewe uone kwamba hapa pamefifia, ujue kilichopotea ni kingi kuliko unavyodhani.

Kwa hiyo tafuta multimita, kile kipimo cha umeme, hata ile ya njano ya bei ya chini inatosha kabisa. Iweke DC 20V (DC ni umeme wa betri na adapta), waya mwekundu uwe kwenye tundu la volti na sio lile la 10A, maana ukipima volti na waya uko kwenye 10A umepiga shoti. Afu washa taa. Hapa narudia kwa sababu ndo watu wanapokosea: pima taa IKIWA INAWAKA, yote, full. Adapta isiyo na lodi (haijabebeshwa kitu) itakuonyesha 12.1 safi hata kama ni bomu. Pima sehemu 3: kwenye miguu ya adapta au betri, mwanzo wa stripu, na mwisho wa stripu. Andika pembeni. Kama namba ya kwanza tayari iko chini, shida ni chanzo. Kama ya kwanza iko poa ila ya pili imeshuka, ni waya au viungo. Kama ya pili iko poa ila ya tatu imeanguka, ni stripu yenyewe imekuwa ndefu kuliko uwezo wake. Ukiwa na hizo namba tatu mkononi haya yanayofuata yote ni mepesi.

Mwanzo mkali, mwisho umefifia

Hii ndo maarufu kuliko zote. Kale kapande kembamba kanakobeba LED kana kopa nyembamba sana ndani, na umeme wote wa LED za mwisho lazima upite juu ya migongo ya zile za mwanzo. Roli ya mita 5 ya 5050 yenye LED 60 kwa mita inakula wati 14.4 kila mita, jumla wati 72, yaani ampia 6. Ampia 6 kwenye kopa ile, si ajabu ukapima mwisho ukakuta 10 na kitu wakati mwanzo ni 12. Na ndo maana wauzaji wanaziuza mita 5 mita 5, sasa mtu ana sebule kubwa anaunganisha roli ya pili mwisho wa ya kwanza, mita 10 moja kwa moja, afu analalamika kona ya pili giza.

Dawa ni kulisha pande zote mbili. Vuta waya mwingine kutoka kwenye adapta hadi mwisho wa stripu, positivu kwa positivu, negativu kwa negativu, basi. Au anzia katikati uende kushoto na kulia. Roli mbili kila moja iwe na waya wake kutoka kwenye pawa saplai, zisipitishiane umeme. Kama hujanunua bado na safari ni ndefu, chukua stripu ya volti 24, kwa wati zilezile ampia zinakuwa nusu na upotevu njiani unapungua sana, ila sasa na pawa saplai iwe ya 24.

Kuna ujanja watu wanafanya, zile pawa saplai za bati lenye matundu zina kaskrubu kadogo kameandikwa V ADJ, unakazungusha volti zinapanda mpaka 13 hivi ili mwisho wa stripu upate. Mwisho utapata kweli, ila LED za mwanzo zinabeba zaidi ya saizi yake na ndo zitakazokufa kwanza. Ukitaka kufidia robo ya volti fanya, zaidi ya hapo weka waya wa pili tu.

Yote imefifia sawasawa, hakuna mwanzo wala mwisho

Kama mwanzo wa stripu pana volti 10 wakati kwenye adapta pana 12, usihangaike, ni waya. Watu wanatumia waya wowote waliokuta ndani, wa spika, wa LAN, wa simu, kisa "ni volti 12 tu, haina noma". Kwa DC ndogo ni kinyume kabisa, volti zikiwa chache ndo waya unatakiwa uwe mnene, maana kwa wati zilezile ampia ni nyingi. Waya wa kopa wa 0.5 mm² una kama ohm 0.036 kwa mita. Taa iko mita 8 kutoka kwenye betri, umeme unaenda na kurudi kwa hiyo ni mita 16, hiyo ni ohm 0.58, ukitaka kupitisha ampia 4 unaacha volti 2.3 ndani ya waya. Badilisha uweke wa 2.5 mm², ule ule wa soketi za nyumbani, upotevu unashuka mpaka chini ya nusu volti. Na ukinunua kwangua kidogo uone ndani, kuna nyaya zimepakwa rangi ya kopa juu, ndani ni aluminiamu nyeupe, hizo zinapoteza zaidi hata kama unene ni uleule.

Kama kwenye adapta yenyewe unakuta 9 au 10 wakati inawaka, adapta imezidiwa. Ama hukupiga hesabu, ama kilichoandikwa juu sio kilichomo ndani. Imeandikwa 12V 5A, ukiishika nyepesi kama ya chaja ya kitochi, hapo tayari una jibu. Namna nzuri ya kuipima bila stripu ni taa ya breki ya gari, ile balbu ya volti 12 wati 21, inavuta kama ampia 1.75. Funga moja, pima volti. Ongeza ya pili kwa paraleli (positivu kwa positivu, negativu kwa negativu), sasa uko kwenye 3.5, pima tena. Adapta ya kweli ya 5A itabaki 11.8 au zaidi bila kuchemka sana, ile ya uongo itakaa 9 au itazima. Usianze na balbu ya taa kubwa ya mbele maana ikiwa baridi inavuta umeme mwingi sana sekunde ya kwanza, hata adapta nzuri inaweza ikajilinda ukadhani ni mbovu.

Kwa sheria yangu mimi adapta iwe na akiba ya robo hivi juu ya hesabu. Stripu inakula 4A, chukua ya 5A. Inakula 6A, chukua 8A au 10A.

Na kuna watu stripu ni ya volti 24 wameweka 12. Hiyo LED ziko 6 kwa kila kipande badala ya 3, haiwaki kabisa au inaonyesha nukta tu za mwanga gizani. Soma nyuma ya stripu, imeandikwa. Vilevile wanaotumia USB: pawabenki ya 5V 2A ni wati 10 tu hata ufanyeje, ukiweka kale kabodi ka kupandisha volti kanaitwa MT3608, kanauzwa kwa jina la 2A, watu wanadhani watatoa 12V 2A. Hizo ni wati 24, ili zitoke upande wa 12 inabidi upande wa 5 ziingie ampia zaidi ya 5, pawabenki yako haina hizo na kabodi hakawezi. Kwa nusu mita ya stripu kanafaa, kwa sebule hapana.

Nyingine hii nimeiona kwa wengi wanaotumia sola: wanaogopa betri ikichajiwa inafika 14.4 italipua stripu (hofu ni ya kweli, kwa 14.4 kila LED inapitisha zaidi ya miliampia 25 badala ya 18, inachemka na kuzeeka haraka) basi wanaweka 7812 katikati, ile rigulaita ya miguu mitatu inayoshusha volti hadi 12. Sasa 7812 inahitaji kama volti 2 za ziada ndo ifanye kazi, betri ikiwa na 12.4 inatoa 10 na kitu. Umejilinda na mchana ukajinyima usiku. Tumia bodi inayopandisha na kushusha kwa pamoja, itoe 12 iwe betri ina 11 au 14.

Inawaka, inazima, inawaka, inazima kila sekunde

Adapta inajilinda. Imezidiwa au kuna shoti. Kata nusu ya stripu, ikitulia basi ni kuzidiwa. Isipotulia hata kwa kipande kifupi, angalia pale ulipokata na mkasi, mara nyingi kuna unyoya wa waya unagusa positivu na negativu. Kwa wanaotumia betri, fyuzi iwe karibu na betri kabisa, betri haijilindi kama adapta, yenyewe inachoma.

Saa 1 usiku poa, saa 4 hoi

Hiyo betri. Betri ya asidi ikiwa imejaa na imepumzika inasoma 12.7 hivi, ikishuka 12.0 imeliwa sana, na hapo ni bila lodi, ukiweka lodi inashuka zaidi. Betri ndogo ya UPS ya 12V 7Ah, ukiiwekea stripu ya ampia 6, haimalizi hata lisaa limoja. Sio mbovu, ndo ukubwa wake.

Wanaojenga kwa seli za 18650 (zile betri ndogo za lithiamu za duara) za laptop zilizokufa, hapa ni pagumu zaidi. Seli 3 sirizi zikijaa ni 12.6, raha tupu, ila zinavyoshuka zinapita 11.1 na kuendelea mpaka 9, kwa hiyo nusu ya pili ya chaji yako yote unaitumia kwenye mwanga hafifu. Ama uweke seli 4 na bodi ya kushusha volti hadi 12, ama ukubali. Na seli za kuokota hazilingani uwezo, moja ikiwa dhaifu ndo inaamua, pima kila seli peke yake taa ikiwa inawaka, utazikuta ziko 3.7, 3.7 na nyingine 3.1. Hiyo ya 3.1 itoe. BMS, ile bodi ya kulinda seli, usiache kuweka, hapo sina mjadala.

Inaanza vizuri, baada ya dakika 20 imepungua

Pima mwanzo wa stripu ikiwa mpya imewashwa, afu pima tena baada ya hizo dakika. Kama volti hazijabadilika, LED zimechemka, na LED ikichemka inapunguza mwanga yenyewe. Stripu yenye wati nyingi ukiibandika kwenye jipsam au mbao joto halina pa kwenda, bandika kwenye profaili ya aluminiamu. Ile yenye mpira wa silikoni juu kwa ajili ya maji inachemka zaidi, kama ni ndani ya nyumba huihitaji.

Kama volti zimeshuka, ni adapta inachoka au ni kiungo. Viungo ndo adui mkubwa ambaye hakuna anayemshuku. Waya umesokotwa na kufungwa selotepu, au vile viklipu vya plastiki vya kubana stripu bila kuchoma risasi, mwezi wa kwanza vinafanya kazi vizuri, afu unyevu wa pwani unaingia, kutu ya kijani, basi. Namna ya kumkamata: weka multimita kwenye volti, probu moja kabla ya kiungo na nyingine baada ya kiungo, waya uleule wa positivu, taa inawaka. Kiungo kizuri kinasoma karibu sifuri. Ukiona 0.3 na zinapita ampia 4, hapo pana wati 1.2 za joto kwenye kidoti kimoja, guso tu la kidole utalihisi, plastiki inayeyuka taratibu. Fanya hivo kwa swichi pia, kwa fyuzi, kwa ile jeki ya duara ya adapta ambayo ni mbovu kuliko inavyoonekana. Pita kiungo kimoja kimoja mpaka jumla ya ulivyopima ifanane na volti zilizopotea. Volti hazipotei hewani, lazima uzikute mahali.

Chipu za COB na zile za wati 1, wati 3

COB ni LED nyingi zilizowekwa pamoja kwenye kibati kimoja. Hizi sio stripu, hazina rezista ndani, zinataka drayva, yaani pawa saplai inayodhibiti ampia. COB ya wati 10 ya kawaida inakula volti 9 mpaka 12, sawa. Lakini ile ya wati 50 na ya wati 100 nyingi ni 30 mpaka 36, mtu anaiunga kwenye betri ya 12 moja kwa moja haiwaki kabisa, anairudisha dukani kwa ugomvi. Chipu nzima, inataka bodi ya kupandisha.

Ikiwaka kinyonge na drayva, soma drayva. Drayva ya 300mA ukiifungia chipu za wati 3 zinazotaka 700mA, utapata kama nusu tu ya mwanga na hakuna kilichoharibika. Umefunga misururu miwili paraleli kwenye drayva moja ya 600mA, kila mmoja unapata 300. Na ile ya kuweka LED za rangi tofauti paraleli kwenye rezista moja, nyekundu inataka volti 2 tu nyeupe inataka 3, nyekundu itanywa yote na nyeupe itakaa gizani. Kila msururu na rezista yake.

Unawasha kwa Arduino au ESP32

Arduino na ESP32 ni vibodi vya kuprogramu, haviwezi kubeba umeme wa stripu vyenyewe, kwa hiyo katikati inawekwa mosfeti, swichi ya kielektroniki. Mosfeti ya IRFZ44N iko kila duka na kila mtu anaitumia, ila haifunguki vizuri kwa volti 5, imepimwa kwa 10, na kwa 3.3 za ESP32 ndo kabisa inafunguka nusu, inachemka na stripu inafifia. Chukua IRLZ44N, hiyo L ina maana yake, kwa volti 5 inafunguka vizuri. Kwa 3.3 weka transista ndogo ya kuisukuma. TIP122, transista nyingine inayotumika kama swichi, nayo inakula volti 1 au zaidi kwa asili yake, pima kati ya kolekta na emita utaiona. Na kale kakontrola ka rimoti ya vitufe vingi ka RGB kwa kawaida ni 2A kwa kila rangi, usikafungie roli tatu.

WS2812B, zile LED za volti 5 ambazo kila moja inapangiwa rangi yake, zina dalili yake ya kipekee: unaweka nyeupe, mwanzo nyeupe, katikati inakuwa ya njano, mwisho inaelekea wekundu. Programu haina shida, bluu na kijani zinataka volti nyingi kuliko nyekundu, kwa hiyo zinafifia kwanza. Nyeupe full pikseli moja inahesabiwa miliampia 60, pikseli 300 ni ampia 18 kwa volti 5, lisha kila baada ya mita 1 au 2 hivi. Ila kama unatumia WLED (programu ya kuendesha hizo taa kwa ESP32) na taa yote imefifia sawasawa huku volti ni 5 safi mpaka mwisho, ingia kwenye mipangilio ya LED, kuna kikomo cha umeme kinakuja kimewekwa 850mA, weka uwezo halisi wa pawa saplai yako. Hiki nakitaja kwa msisitizo maana unaweza kubadilisha nyaya zote za nyumba na kisibadilike kitu.

Umepima kila sehemu, volti ziko sawa, bado giza

Basi umeme wako umefanya kazi yake. Stripu ya 3528 (LED ndogo kuliko za 5050) yenye LED 60 kwa mita ni wati 4.8 tu kwa mita, ni ya mapambo, haikutengenezwa kuangaza chumba. Ukiificha ndani ya jipsam ikaangalia juu kwenye dari la rangi ya maziwa au kahawia, sehemu kubwa ya mwanga inaliwa na dari. Dari jeupe kabisa linasaidia kuliko kubadilisha adapta. Stripu ya RGB ukiiweka nyeupe haitafikia stripu nyeupe ya wati zilezile, usiifanye taa kuu. Na kama ni ya zamani na ile ngozi ya njano ya LED imekuwa kahawia, hizo ndo kweli zimechoka, badilisha. Vinginevyo ongeza mstari wa pili sambamba na wa kwanza, na waya wake utoke moja kwa moja kwenye pawa saplai, usidandie mwisho wa ule wa kwanza.